Miaka Yangu ya Mabomba, na Eliud Aliyeimba

Siku yangu ya kwanza kazini, Foreman wa bohari ya maji pale Voi alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akanielekeza ofisi ya makarani.

"Sikuja kwa ukarani, mzee," nikamwambia. "Mimi ni fundi bomba."

Foreman Mwadime alicheka mpaka akavua kofia, lakini hakunicheka kwa dharau. Alifurahi tu, kama mtu aliyeona mvua ikinyesha mwezi usio wake. Alinipa kipande cha bomba la chuma na kile chombo cha kukatia uzi, akasema, "Basi kata uzi, mama, tuone." Uzi wa bomba ni zile nyuzi za mzunguko zinazochorwa mwishoni ili bomba liingie kwenye soketi na kukaza. Ukikata haraka unapasuka, ukikata pole pole bila mafuta unachakaa. Nilikata. Nikazungushia katani kidogo, kwa maana wakati huo tulitumia nyuzi za mkonge na rangi kuziba maungio, hizi tepu nyeupe zenu hazikuwa nyingi. Foreman akakaza, akafungua maji, akapitisha kidole chini ya kiungo. Kilikuwa kikavu.

"Jina lako nani?"

"Wakesho."

"Wakesho, panda lori. Lakini kwanza tunaomba."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza desturi ya bohari ile. Kila asubuhi, kabla lori halijatoka, Foreman alisimama mbele ya gurudumu na kuomba kwa sauti. Maombi yake hayakuwa marefu. "Mungu wetu, utulinde na ndovu, na nyoka, na Meneja. Amina." Meneja mwenyewe aliyasikia mara nyingi kupitia dirisha lake. Siku moja alitoa kichwa nje akauliza, "Mzee, mbona mimi ni wa mwisho?" Foreman akamjibu, "Tunaenda kwa ukubwa wa hatari, bwana. Wewe umeshuka cheo."

Nyinyi vijana mnaosomea maji leo mna mashine ya kusikiliza mahali bomba linapovuja. Sisi tulitumia macho, masikio na ndovu. Kiangazi kikiwa kikali kule nyikani, ndovu hunusa maji chini ya ardhi, akachimba kwa mguu, akavuta bomba kwa mkonga kama mtu anayeng'oa muhogo. Ukiona kundi limesimama mahali pasipo na mto, ujue laini imekatika hapo. Kazi yetu ilikuwa kufunga valvu ya juu, kuwasubiri askari wa wanyamapori wawasogeze, kisha kuunga. Wakati mwingine askari walichelewa. Nimewahi kukaa juu ya lori pamoja na Foreman tukimtazama ndovu mmoja akioga kwa maji ya mji mzima wa Voi. Foreman alitikisa kichwa. "Tazama," akasema, "huyu halipi bili, na hana haraka."

Baadaye nilihamishwa Ronge, kwenye chemchemi za milimani. Huko kazi ilikuwa ya baridi na utelezi, kusafisha chujio kwenye chanzo cha maji ili majani yasiingie bombani. Nilipapenda. Mume wangu Eliud alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge huko chini, akija nyumbani kila Jumamosi. Jumapili alikuwa mwimbaji wa besi kanisani. Sauti yake ilikuwa nzito hivi kwamba mwalimu wa kwaya alimsimamisha nyuma kabisa, karibu na mlango, na bado sauti ilifika mbele kabla ya wenzake. Binti yetu Mghoi alikuwa shule ya bweni. Tulikuwa watu wa kawaida, wenye mbuzi wachache na migomba, na nikikumbuka sasa naona tulikuwa matajiri.

Asubuhi moja Eliud alikuwa akifunga mbuzi. Nilimwita aje anywe uji, hakuitika. Nilimkuta ameketi chini, kamba bado mkononi, upande mmoja wa uso umelegea. Nilimuuliza ana nini. Alinitazama kwa bidii sana, akafungua kinywa, akasema, "Basi."

Ilikuwa kiharusi. Hospitalini daktari alituambia kwamba sehemu ya ubongo inayotoa maneno ilikuwa imeumia, na mkono na mguu wa kulia pia. Mguu ungerudi kidogo kwa mazoezi. Maneno, hakutaka kutuahidi. Eliud alirudi nyumbani na neno moja tu. Unaumwa? Basi. Unataka chai? Basi. Nikulaze? Basi, basi, basi, huku machozi yakimtoka kwa sababu alijua vizuri anachotaka kusema, na mimi sikujua.

Mimi niliacha kuomba. Nawaeleza wazi kwa sababu watu wa kanisa hupenda kusimulia kana kwamba imani ni paa la mabati lisilovuja. Langu lilivuja. Kila nikifumba macho nilikuta hasira tu. Nilikuwa nimewashikia watu wote spana, nimepeleka maji kwa kila mtu, na nyumbani kwangu mwenyewe bomba limekauka. Kumwambia Mungu nini tena?

Mama Mghendi, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, alikuja alasiri moja na wenzake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Alisema, "Wakesho, ongoza maombi."

"Siwezi, mama."

"Huna maneno?"

"Sina hamu."

Nilingoja anikemee. Badala yake aliketi, akavua viatu. "Sawa. Tutaomba sisi kwa zamu yako mpaka hamu irudi. Wewe kapike chai. Na kuanzia Jumatatu unarudi kazini, tumegawana siku za kukaa na Eliud."

"Mama, nyinyi mna mashamba yenu."

"Nimekuuliza kuhusu shamba langu?"

Walifanya walivyosema. Huyu alimwogesha, yule alimnyoosha mguu kama nesi alivyofundisha, mwingine alileta ndizi mbivu na uvumi wote wa Ronge. Kila Alhamisi walifanya ibada yao sebuleni kwetu, ili Eliud asikose watu. Mimi nilihudhuria nikiwa jikoni.

Alhamisi moja waliimba wimbo wa zamani wa Kidawida, lugha yetu, ule tuliouimba tangu watoto. Nilikuwa nachuja chai. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaingia wa pili, na hapo nikasikia besi. Nilidhani mume wa mtu ameingia. Kisha nikaijua ile sauti. Nilitoka na chujio mkononi, majani ya chai yakidondoka sakafuni, nikamkuta Eliud kwenye kiti chake, macho yamefumbwa, akiimba maneno. Si "basi". Maneno kamili, moja baada ya jingine, ubeti wote. Kina mama waliacha kuimba mmoja mmoja kwa mshangao, na yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho. Alipofungua macho akatuona sote tunalia, alishtuka, akauliza, "Basi?"

Tulicheka sana siku ile. Mama Mghendi alicheka mpaka akashika ukuta.

Nesi wa zahanati hakushangaa kama sisi. Alinieleza kwamba nyimbo haziishi mahali pale pale yanapoishi maneno ya kawaida kichwani. "Mwimbishe," akasema. "Kila kitu. Hata chakula." Watu waliniuliza kama ni muujiza au ni ubongo. Niliwajibu kwamba aliyeziweka nyimbo mahali pengine, pasipofikiwa na kile kiharusi, namjua, na kwamba nimeanza kuongea naye tena.

Basi tukaimba. Asubuhi nilianza, kwa tuni ya wimbo wa kanisa, "Eliud, unataka niiini?" naye akanguruma, "Chai, chai, ya maziwaaa." Kama sukari ilikuwa kidogo aliongeza ubeti. Wapita njia waliamini nyumba yetu ina ibada tangu alfajiri. Pole pole maneno mengine yalianza kutoka bila tuni, moja, mawili, yakichechemea kama mguu wake. Maombi tu hakuyajaribu. Tukiketi mezani aliinama na kunionyesha kwa kidole, kwamba hiyo ni kazi yako.

Ndipo ikaja barua ya uhamisho, kwenda Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nilishuka Voi kumwona Meneja, yule mpya, nikiwa nimekusudia kuacha kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mghoi, kule nina laini inayoshuka mlimani na kuvuka nyika yote ya ndovu. Mafundi wawili wameikimbia. Nikikuruhusu uache, nitamtuma nani?"

"Mume wangu hawezi kukaa peke yake, bwana."

"Nani amesema umwache? Nyumba ya kazi iko. Lori la kuwahamisha nitalitoa mimi."

Nilirudi nikamwimbia Eliud habari ile. Alifikiri kidogo, akaimba, "Twende, twende, na mbuziii."

Tukaenda na mbuzi. Niliogopa kwamba tungekosa kina mama wa Ronge, na kweli niliwakosa. Lakini Jumapili ya kwanza kanisani Makwasinyi, kiti cha Eliud kilipowekwa karibu na mlango na besi yake ikapanda, watu waligeuka wote. Kabla ya ibada kwisha nilikuwa na majirani waliokwisha kupanga nani atakaa naye siku gani.

Kiangazi kikubwa kilitukuta huko. Ndovu walivunja laini katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, na tangi la kijiji likakauka. Tuliunga kwa shida, askari wakilinda huku na huku, nikafungua valvu pole pole kama inavyotakiwa. Maji hayakufika. Nikangoja. Hayakufika. Kina mama walikuwa wamepanga mitungi yao kwenye mfereji, wengine wametoka mbali, na uso wa mtu mwenye kiu hauvumilii maelezo. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba ndiyo sababu mafundi wanatakiwa kuwa wanaume.

Nilijua tatizo ni hewa. Bomba likikatika na kumwaga maji yote, hewa huingia, na ukilijaza tena hewa ile hukimbilia sehemu iliyoinuka na kuziba njia. Kwa hiyo huwekwa valvu ya hewa mgongoni mwa laini, ili itoke. Valvu yetu ilikuwa kwenye kilima kidogo, na pale kilimani palikuwa na ndovu dume.

Tulisimama kwa mbali mimi na askari. Niliomba, maombi yangu marefu kuliko yote tangu Eliud aanguke. Sikuomba ndovu aondoke. Niliomba nisiondoke mimi. Hilo ndilo nililojibiwa. Ndovu alikaa alivyotaka, akajikuna kwenye mti, akala, na jua likatuchoma. Mara mbili askari alisema turudi kesho. Mara mbili nilimwambia tungoje kidogo. Mwishowe yule dume aliteremka upande wa pili taratibu, kama mzee anayetoka kanisani akisalimia watu.

Nilipanda nikiwa nimeinama. Valvu ilikuwa imeshika kutu. Niliigonga, nikaipaka mafuta, nikaivuta kwa spana kwa uzito wangu wote, na ghafla ikalia "fyuuu", hewa ikatoka kwa muda mrefu, ikaanza kutema matone, kisha maji yakanipiga usoni. Niliposhuka kijijini nikiwa nimelowa, mitungi ilikuwa inajaa. Yule mzee alikuwa kwenye foleni na mtungi wake. Alinisogezea kiti.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mahoo, upande wa Taveta, ambako maji ni mengi hata watu wanagombania kuyazuia yasiingie kwenye ndizi zao. Huko nilizeekea. Nilifundisha mafundi kadhaa, wakiwemo wasichana, na hakuna aliyeelekezwa ofisi ya makarani. Walipoweka kompyuta ya kuangalia shinikizo la maji, walinifundisha wao, nikajifunza.

Nilistaafu majuzi, tukarudi Ronge. Vijana huniuliza nilipata wapi nguvu. Wanatarajia niwaambie habari ya mtu mmoja shujaa. Nguvu zangu zilikuja na viatu vya Mama Mghendi vikiwa vimevuliwa mlangoni kwangu. Zilikuja na watu walioomba wakati mimi sikuweza. Kama uko katika shida na huna neno la kumwambia Mungu, usijifungie. Fungua mlango, pika chai, waache wengine waseme kwanza. Yeye hana shida na zamu.

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka mapema kwa mazoea, nikavaa hata viatu vya kazi kabla ya kukumbuka. Eliud aliniona akacheka. Nilitenga chai, nikaketi, nikainamisha kichwa ili niombe kama siku zote. Mkono wake wa kushoto ukaja juu ya mkono wangu, ukaubana.

"Mimi," akasema.

Hakuimba. Alitafuta maneno moja moja, akipumua katikati, kama mtu anayepanda kilima.

"Baba. Asante. Wakesho... amefika nyumbani."

Nikasema amina kwa niaba ya wote wawili, kwa sababu hapo pumzi ilikuwa imemwishia, nasi tukanywa chai.