Mtia Saini ya Rangi

Kila mwaka, mitihani ikiisha, chuo cha usanifu wa michoro kilileta wanafunzi wake kwenye kampuni ya matangazo ili waone kazi ikifanywa na watu wanaolipwa. Ratiba ya ziara haikubadilika. Mkurugenzi aliwaeleza kwamba usanifu ni wito. Mhasibu, ambaye hakuwa na wito, alipita akikagua viatu vyao juu ya zulia. Mtu akauliza nafasi za kazi zinapatikanaje, akajibiwa kwamba ni kwa kujituma. Halafu wakapelekwa chumba cha mwisho, karibu na choo, kumwona Mizani.

Mizani alikuwa na miaka hamsini na minane, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa ameimaliza kwenye kiti kimoja. Chochote kilichokwenda kuchapwa, kiwe kalenda au pakiti ya sabuni, kilichapwa kwanza nakala moja ya majaribio, ambayo wenyewe waliiita prufu. Prufu ililetwa mezani kwake. Akiridhika na rangi, alitia saini pembeni, na bila saini hiyo mashine haikuwashwa. Jina la Mizani alipewa kwa sababu alipima rangi kwa jicho kama muuza duka apimavyo sukari, ila yeye hakupunja.

Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili alikuwa haoni vizuri. Mwanzoni alidhani taa za ofisini zimechoka. Akaomba taa mpya, zikaletwa, nazo zikachoka siku hiyohiyo. Dunia nzima ikawa kama anaitazama kupitia glasi ya chai ya rangi. Bluu iliyokolea ikawa nyeusi, zambarau ikahamia kwenye kahawia. Daktari alimwambia bila kuinua kichwa kwamba ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, upasuaji mdogo tu: asubuhi unaingia, mchana uko kwako. Lakini fomu ya bima ilitaka ugonjwa uandikwe kwa herufi kubwa na mkurugenzi asaini chini yake. Mizani aliiweka fomu chini ya kibodi, akaendelea na kazi kwa kumbukumbu.

Kumbukumbu ilimfikisha mbali. Ilimfikisha hadi kwenye pakiti za maziwa ya watoto wachanga, ambazo zilitakiwa kuwa za zambarau. Mwendesha mashine ya kuchapa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, aliyeingizwa kazini na Mizani mwenyewe. Siku ile shemeji alimpigia simu kutoka kiwandani.

"Shemeji, hii ndiyo zambarau yenu?"

"Umeiona saini?"

"Nimeiona."

"Sasa unaniuliza nini? Washa mashine."

Zikatoka pakiti laki mbili zenye rangi ya kutu. Mteja akazikataa zote. Shemeji alisema prufu nayo ilikuwa vilevile, lakini prufu ilitafutwa isionekane, na simu aliyoitaja ilimfanya aonekane anamsingizia mtu aliyemtafutia ugali. Akafukuzwa. Prufu ilikuwa nyumbani kwa Mizani, kabatini, chini ya mashuka. Alikuwa ameipeleka kwa mkewe na kumuuliza, kama mtu anayetania, hii ni rangi gani. Mke akamjibu, "Kahawia. Kwani wewe unaonaje?"

Miezi mitatu baadaye wanafunzi kumi na sita walijibana ndani ya chumba cha watu wanne, wakaamkia, wakasubiri mchezo. Mchezo ulikuwa maarufu. Unachagua rangi yoyote kwenye kitabu cha sampuli, Mizani anakutajia mchanganyiko wake, wewe unasoma namba zilizo chini na kuguna. Mwaka huu pia waliguna. Hawakujua kwamba kitabu amekikariri kwa mpangilio, na kwamba kidole gumba kinamhesabia kurasa.

Kisha msichana mmoja akanyoosha daftari lake. "Mzee, na hili?"

"Mpe," mkurugenzi akasema. "Waone maajabu."

Mizani alilisogeza daftari karibu na pua, akalirudisha mbali. "Kahawia," akasema. "Samawati arobaini, waridi sabini, njano themanini, nyeusi kidogo."

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Mzee anatupima akili huyu!" mmoja akasema. Mizani naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo.

Msichana hakucheka. Alikuwa na huruma, kitu ambacho hakimo kwenye mtaala. "Pole, mzee. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo na mapazia yetu. Ni mtoto wa jicho. Walimpasua, sasa anaona hadi uchafu kwenye sahani anazoosha mama. Usiogope, ni kitu kidogo."

Mwalimu akamkanyaga mguu. Daftari lilikuwa la zambarau, na mkurugenzi alikuwa akilitazama bila kupepesa.

"Vijana, soda ziko ukumbini," akasema. Walipotoka akafunga mlango. "Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na yale maziwa?"

Mizani angeweza kukana. "Na maziwa. Prufu ninayo mimi. Naomba shemeji yangu arudishwe."

Mkurugenzi alikaa pembeni mwa meza. "Mteja ameshaandikiwa kwamba mpiga chapa amekosea na amefukuzwa. Leo nimwandikie kwamba aliyekosea ni mtu wetu wa kuona?"

"Lakini ndio ukweli."

"Ukweli ulikuwa na miezi mitatu ya kujileta. Wewe utapumzika kwa sababu za kiafya. Fomu yako iko wapi?"

Akaisaini palepale, bila kuisoma. Kabla ya saa nane msichana wa daftari alikuwa amepewa kile kiti kwa mafunzo ya miezi mitatu, bila malipo, na wenzake wakampongeza.

Jioni Mizani alichukua prufu akaenda kwa dada yake. Shemeji aliisogeza dirishani, akaiangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo umeniletea niifanyie nini?"



"Anataka umwambie hakuna neno, akalale," dada akajibu kwa niaba yake. Hakuwa amemkaribisha kiti.

"Mimi sina usingizi wa kugawa," shemeji akasema. "Kesho kuna kiwanda naenda kuomba kazi. Kila ninapokwenda hadithi imeshatangulia. Tutakwenda wote, ukaseme kwa mdomo wako."

Wakaenda. Msimamizi wa kiwanda alimsikiliza Mizani hadi mwisho.

"Wewe ndiye usiyeona rangi?"

"Ndimi."

"Na umekuja kunithibitishia kwamba hii ni kahawia."

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki. Aliichukua prufu, akaona saini, akaona rangi, akamgeukia shemeji. "Kweli umesingiziwa. Sasa niambie: uliona kabisa haiko sawa. Kwa nini uliwasha mashine?"

"Ilikuwa imesainiwa."

"Na aliyekosea ndiye uliyempigia kumuuliza. Mwenye kazi ulimwambia?"

"Hapana. Huyu ni shemeji yangu."

Msimamizi akamrudishia karatasi. "Mtu asiyeona namwelewa. Anayeona halafu akawasha, simwezi hapa kwangu."

Walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti. Shemeji aliikunja prufu mara mbili, akaikunja tena, hadi ikakataa kukunjika.

"Bora ungeiacha kabatini."

"Nimeona."

Malori mawili yakapita.

"Upasuaji ni lini?"

"Alhamisi, saa moja asubuhi. Wanasema mtu arudi na wa kumshika mkono, watakuwa wamenifunga bandeji."

"Nani anakwenda na wewe?"

"Mke wangu yuko kazini."

Shemeji akasimama, akapangusa suruali.

"Nitakuja," akasema. "Sina kazi."