Akiba ya Nasari Jikoni kwa Tecla

Mwaka wa tisini na nne mvua ya mawe ilishuka milimani karibu na Kaplong, mawe makubwa kama vichwa vya mbuzi, tena yenye hasira. Chai ilinyolewa ikabaki vijiti. Nasari ya mayatima, iliyoendeshwa na akina mama wa kanisa, iling'olewa paa, na bati moja likaruka mpaka Mulot likauzwa sokoni kabla halijakauka.

Chepchirchir, msimamizi wa nasari, hakutishika. Alikuwa amejipanga. Miezi michache kabla ya mvua hiyo, wenzake walipotaka kila kitu kikae katika stoo moja yenye kufuli, aliwafokea.

"Baba yangu aliweka ng'ombe kwa marafiki kila mlima! Ugonjwa ukifagia boma letu, wale wengine wako salama. Na sisi tufanye hivyo."

Basi sufuria kubwa ya akiba ikaenda kwa Tecla, mama Kipkorir, mpishi wa wachuma chai, maharagwe kwa Rachael mwenye duka, blanketi kwa mzee Aron. Alichosahau ni kwamba rafiki akiwekewa ng'ombe, maziwa hunywa yeye.

Asubuhi baada ya mvua, watoto wakilia uji, alimkuta Tecla akisonga ugali wa wachuma chai ndani ya ile sufuria.

"Mama Kipkorir, hiyo ni ya watoto!"

"Si uliniwekea? Ama kwenu ng'ombe wa kuwekewa walikuwa wa kuangaliwa tu?"

"Nipe!"

"Nikupe, wachuma wangu wakulie kwa kofia?"

Kwa Aron, mzee alikuwa amejifunika blanketi tatu, na ya nne amemvisha ndama.

"Ana homa, mama. Mwonee huruma."

"Na watoto wangu wana nini, manyoya?"

Rachael naye alimpokea kwa tabasamu. "Maharagwe nilipanda yaongezeke, mama. Yalikuwa yametoa maua!"

"Yako wapi?"

"Si mvua ya jana imeyapiga yote."

Chepchirchir alishika kichwa akaguna kwa sauti, hata kuku wa Rachael wakakimbia. Kisha akarudi nasari, akawapanga watoto mstari, akawagawa. Kundi la kwanza akalisukuma jikoni kwa Tecla.

"Umekamua vya kutosha. Sasa lisha hawa."

"Wote hawa? Mama, una wazimu!"

"Ninao. Pakua."

Kundi la pili akaliingiza dukani kwa Rachael, likashika mandazi kabla ya kusalimia. La tatu akalitupa kwa Aron, likajibana chini ya blanketi pamoja na ndama.

Siku hiyo watoto wote walishiba. Aliyelala njaa ni Chepchirchir, maana alishinda njiani akipiga kelele watoto walishwe, kutoka mlima huu hadi ule mpaka sauti ikamwisha, na Tecla yuko nyuma yake na mwiko mkononi, akiuliza watoto wa watu watachukuliwa lini.