Mwaliko wa Uwanja wa Ndege

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mlango wa nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe uligongwa kwa vidole. Saa naijua kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma saa ya ukutani na kumtangazia shangazi kila alipouliza, na muda huo huo alikuwa ameuliza. Kugongwa nako nakukumbuka kwa sababu siku zile hakuna mtu wa Kariakoo aliyegonga mlango uliokuwa wazi. Mlango wetu ulikuwa wazi tangu alfajiri hadi magharibi; mtu alisimama kizingitini, akaita hodi, akaitikiwa. Hadi leo, nikisikia vidole vikigonga mbao, hunijia puani harufu ya iliki, maana ndiyo iliyokuwa ikitwangwa uani wakati ule.

"Nani huyo anayetupigia ngoma?" shangazi aliuliza bila kuacha kutwanga.

Nilikwenda kutazama. Alikuwa Mzungu mrefu, kofia mkononi, shingo imeiva kwa jua. Alitaka kuonana na Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa ualishi. Kwa kuwa wasomaji wengi mmekua katika zama za kadi zilizopigwa chapa, niruhusuni nieleze. Mtu akiwa na harusi, akika au khitma, alimtuma Bi Tatu azunguke nyumba hadi nyumba. Alisimama mlangoni, akataja jina la mwenye shughuli, jina la mwalikwa, siku na saa. Ambaye hakufikiwa mlangoni hakuhudhuria, hata kama shughuli ilikuwa ukuta wa pili na pilau anainusa. Kwa kazi hiyo shangazi alipata doti ya kanga, sahani ya chakula na fedha kidogo. Mtaji wake wote ulikuwa neno lake. Akikuambia njoo, ulijua ukifika utapokewa.

Mzungu yule alikuwa rubani. Mtaani walimwita Bwana Pita. Yeye na wenzake wachache wenye ndege ndogo walikuwa na chama chao, na mara moja kwa mwaka walifanya siku ya maonyesho katika uwanja wa ndege, nje ya mji kwa barabara ya Pugu. Kiswahili alikuwa amekiokota kwenye mashamba ya mkonge, na kila alichosema kilisikika kama amri, hata alipokuwa anaomba.

"Mwaka jana mimi bandika karatasi soko yote," alisema, amekaa barazani magoti yakimgusa kidevu. "Karatasi sema, wote karibu. Kariakoo, mtu moja hapana kuja."

"Karatasi hiyo ilikwenda kwa nani?" shangazi aliuliza.

"Kwa wote."

"Basi haikwenda kwa mtu."

Bwana Pita aliitazama kofia yake. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya shangazi aendelee kumsikiliza. Alisema kila siku anapita juu ya mabati na makuti yetu, watoto wanampungia mkono, naye hajapata kumwona hata mmoja kwa karibu. Mwenye duka la pembeni, Ami Salim, ndiye aliyemwambia kwamba akitaka watu wa Kariakoo, dawa yake ni Bi Tatu.

Shangazi hakukubali siku hiyo. Hakuwahi kualikia shughuli ambayo hajaiona mahali pake. Kesho yake tulipelekwa uwanjani kwa gari la Bwana Pita. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mwanamke wa heshima hakupanda peke yake gari la mwanamume asiye jamaa yake. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa sijawahi kukaa juu ya kiti laini kiasi kile.

Shangazi aliukagua uwanja ule wa majani makavu kama anavyokagua uwanja wa harusi. Kina mama wenye watoto wachanga watakaa wapi? Kwenye hema. Hema linatazama jua au limelipa jua kisogo? Likageuzwa. Maji ya kunywa? Mapipa mawili, alitaka manne. Pa kuswalia alasiri? Choo cha wanawake kiko mbali gani na cha wanaume? Bwana Pita alijibu yote, akiandika. Kisha akaeleza kwa fahari jinsi ndege tatu zitakavyopita chini kabisa, juu ya vichwa vya watazamaji.

"Juu ya vichwa vya wageni wangu?" shangazi alisema. "Nina waja wazito wanne katika Mtaa wa Sikukuu peke yake. Zipite kule."

Akanyoosha kidole upande wa pili wa njia ya ndege, na huko ndiko zilikoandikiwa kupita.

"Na mwenye shughuli ni nani?"

"Chama."

"Chama hakisimami mlangoni kikapokea watu. Atasimama nani?"

Bwana Pita alifikiri. "Mimi."

Wakati wao wanazungumza, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ndege ndogo yenye pua nyekundu. Pangaboi lake lilikuwa la mbao, limesuguliwa likang'aa kuliko meza yoyote niliyopata kuiona. Bwana Pita aliniambia kwamba siku hiyo ndege ile itakaa chini, imezimwa, na kila mtoto atapandishwa akalie kiti cha rubani. Tangu hapo nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nililala nalo, nikala nalo, na nadhani hata chuoni nilisoma juzuu langu huku macho yangu yakiona pua nyekundu.

Kazi ya kualika ilianza Alhamisi. Shangazi alivaa buibui lake la shughuli, akaweka iliki chache katika pindo la kanga ili atafune njiani, nami nikafuata nyuma.

"Hodi! Nimetumwa na Bwana Pita, rubani. Anakualika wewe, Mama Havijawa, na wanao wote, kutazama ndege, Jumapili ya wiki ijayo, baada ya adhuhuri. Malori yatawachukua Mnazi Mmoja."

"Bi Tatu, bibi harusi nani?"

"Ndege."

"Na anaolewa na nani?"

"Njoo ukamwone bwana mwenyewe. Ana shingo kama kamba aliyechemshwa."

Vicheko vilitufuata mtaa hadi mtaa. Mama mmoja wa Kichaga, mumewe akiwa muuza vitunguu wa jumla sokoni, aliuliza kama wasio Waislamu wamo. Shangazi akamjibu kwamba ndege haina madhehebu, lakini waje baada ya misa na watoto wamekula. Mpaka Jumatano iliyofuata tulikuwa tumemaliza Narung'ombe, Sikukuu, Swahili na sehemu kubwa ya Mtaa wa Kongo. Kina mama walikuwa wameanza kushona. Mafundi cherehani wa barazani walikuwa na kazi kama vile Idi imekaribia.

Jioni hiyo tuliingia dukani kwa Ami Salim kununua sukari. Ami Salim, ambaye baba yake alitoka Hadhramaut, alikuwa mtani wa shangazi wa miaka mingi.

"Bi Tatu," alisema akipima, "siku hizi mialiko yako ina bei?"

"Bei gani? Usinitanie, miguu inaniwaka."

Ami Salim akatoa chini ya meza kitita cha tiketi za rangi ya waridi. "Mkubwa shilingi, mtoto sumuni. Bwana Pita kaniachia asubuhi niuze. Nikasema nitafungulia biashara kwa shemeji yangu."

Shangazi hakucheka. Alizishika zile tiketi, akazirudisha mezani, akakaa juu ya gunia la mchele. Mimi nilifikiri amechoka.

Alikuwa ameuliza juu ya kivuli, maji, choo na swala. Kiingilio hakuuliza, kama ambavyo isingemjia kuuliza iwapo wageni watapigwa. Na Bwana Pita hakusema, kwa sababu maonyesho yasiyo na tiketi alikuwa hajayaona tangu azaliwe. Sasa mama mwenye watoto sita, aliyeitwa kwa jina lake mlangoni pake, angefika kwenye lango, mbele ya majirani, adaiwe shilingi nne. Angekuwa nazo au asingekuwa nazo, jina ambalo lingetajwa njia nzima ya kurudi ni la Bi Tatu.

"Nitakwenda kuwaambia wasiende," alisema.

Kutengua mwaliko alikuwa amefanya mara moja tu maishani, bwana harusi alipofariki. Nililia hadi kwikwi. Ami Salim akanipa kipande cha halua, nikakila nikiendelea kulia, na mzaha ukamtoka usoni. Alifunga duka kabla ya wakati na kumtuma mtu na baiskeli kwenda kumwita Bwana Pita.

Bwana Pita alifika kabla ya magharibi. Walikaa barazani watatu, nami nikajificha nyuma ya mlango.

"Mafuta ya ndege si maji," alisema. "Mahema kodi. Malori kodi. Chama hapana pesa."

"Nimewaita wageni," shangazi alisema. "Hukuniambia niwaite wanunuzi. Wanunuzi wangekuwa na mlango wao na maneno yao, nisingeyaweza mimi."

"Bila tiketi, mimi lipa nini?"

"Hilo lako. Mimi kesho asubuhi naanza Mtaa wa Kongo, nawarudishia neno lao."

Ami Salim akakohoa. "Bwana Pita, wewe umepata kwenda harusi ya mtaani kwetu?"

Hapana, hajapata.

"Mlangoni hakuna anayekuomba senti. Lakini ukiisha kukaa, ukanywa, ukafurahi, unakwenda mwenyewe kutunza, kiasi upendacho. Linawekwa sinia, linafunikwa kitambaa, hakuna askari anayelilinda. Weka sinia ndani."

"Na kama watu hapana weka?"

"Basi watakuwa hawakufurahi," alisema Ami Salim, "na utakuwa umejua."

Bwana Pita aliuliza tena: watu wataweka kiasi gani? Ami Salim akamwambia kwamba hilo hata baba wa bibi harusi halijui. Nilimwona akiigeuza kofia yake mara nyingi. Mwishowe akanyoosha mkono, akachukua kitita cha tiketi kutoka mapajani mwa Ami Salim na kukitia mfukoni.

Jumapili ile malori yalitoka Mnazi Mmoja yamejaa nyimbo. Langoni Bwana Pita alisimama, amevaa suti nyeupe iliyomkaza mabegani, anasema "Karibu, karibu sana" kwa kila aliyeshuka. Watoto walimpa shikamoo, naye, kwa haraka, akawajibu shikamoo, na wao wakaanguka kwa kucheka. Mwenzake mmoja alikuja akitaka kundi letu lipelekwe nyuma ya kamba, mbali, mahali palipokuwa pametengwa mwaka uliopita. Walisemeshana kwa Kiingereza, kifupi na kwa ukali. Nilielewa kidole tu: Bwana Pita alikuwa anaonyesha hema la mbele, lile shangazi alilolichagua.

Nilipandishwa kwenye ndege yenye pua nyekundu. Ndani mlinuka petroli na ngozi ya kiti. Nilishika usukani kwa mikono miwili, na kupitia kioo niliona hema lote, mabuibui na magauni mapya, vichwa vimeinuliwa na midomo wazi, kwa sababu ndege tatu zilikuwa zinapita upande wa pili. Mtu mmoja tu alikuwa amezipa mgongo. Shangazi Bi Tatu alisimama mbele ya hema akiwatazama wageni wake usoni, mmoja mmoja, na sidhani kama aliona ndege hata moja ikiruka siku ile.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya ndege. Nilikuwa mtu mzima, nimejisomea mwenyewe mambo ya miaka ile, nilipoelewa nini kilikuwa kimewekwa rehani. Katika mji wa namna ile, ambamo kila mtu alijua upande wake wa kamba, mwanamke mjane asiyejua kusoma alikuwa amemfanya Mzungu asimame langoni na kutupokea kwa heshima, kwa sababu tu hakujua kwamba mwenye shughuli anaweza kuwa wa namna nyingine. Pale Mnazi Mmoja watu walikuwa wameanza kukusanyika katika mikutano ya uhuru kudai hayo hayo kwa sauti kubwa. Yeye aliyadai kwa kuuliza, "Mlangoni atasimama nani?" Na lau sinia lile lingerudi tupu, yule Mzungu angepoteza fedha, na shangazi angepoteza milango yote ya Kariakoo.

Halikurudi tupu. Lilikuwa na shilingi nyingi, sumuni nyingi zaidi, tambuu moja iliyokunjwa vizuri, na mayai manne ndani ya leso, ambayo Bwana Pita alipokuja barazani Jumatatu alikiri yamempa taabu katika hesabu. Alionekana mnyonge kidogo. Alisema amejumlisha mara tatu na bado pamepungua.

"Wewe umepata hasara kiasi gani?" shangazi aliuliza, akimmiminia kahawa. "Mimi nilipomwoza Mwajuma wangu nilitoka na hasara ya shilingi sabini, na watu mpaka leo wanaisifu harusi ile."

Bwana Pita alianza kutabasamu kabla hajajibu. Baada ya mafuta, mahema na malori, hasara ya shughuli yote, ambayo aliilipa mwenyewe kutoka mfukoni mwake, ilikuwa shilingi kumi na nne na senti thelathini.