Mjane Niliyemwacha Nje ya Mabano

Mimi sikusomeshwa na mtu. Diploma yangu ya hisabati niliilipia kwa mshahara wa kulinda maghala Qatar, nikisoma kwenye simu wakati wenzangu wakitazama mpira. Niliporudi Kilungu, hakuna mtu kijijini ambaye angeweza kubishana nami kuhusu seti. Hilo ni kweli tu, sijisifu.

Kulikuja matangi ya maji ya mvua kwa ajili ya wajane. Kamati ya maji ilitakiwa kupeleka mjini Wote, kwenye ofisi za kaunti, ama orodha ya majina, ama kanuni ambayo kompyuta ingetumia kuwachagua kutoka rejista ya kijiji. Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa kanisa, alikuwa ameshafungua daftari.

"Tuandike majina tu. Wajane wetu tunawajua."

"Majina huandikwa na wasiojua kanuni," nikamwambia. "Kesho mtaambiwa mmependelea."

"Haya, Qatar," akacheka. "Tuonyeshe."

Nikaandika ukutani kwa chaki:

W = {x ∈ K : x ni mwanamke, na mwanamume aliyemwoa x amekufa}

Nikawaeleza kwamba W ni kundi la wajane, K ni kijiji kizima, x ni mtu yeyote, na hayo mabano ni ua. Anayetimiza masharti huingia. Asiyetimiza hubaki nje, hata awe shangazi ya chifu. Walinipigia makofi.

Orodha iliporudi, jirani yangu hakuwamo. Yeye ni iweto: alitolewa mahari na mwanamke, bibi kizee asiyejaliwa mtoto, ili aizalie nyumba ile watoto. Kwetu Wakamba hiyo ni ndoa kamili. Bibi alipokufa, mwaka niliorudi, mimi mwenyewe nilibeba jeneza, na huyu alikaa mbele, mahali pa mjane. Kisha nikaenda nikaandika "mwanamume".

Alinijia akiwa na mtungi mkononi.

"Mwanangu, wanasema hesabu yako imenikataa."

"Ni kosa la neno moja, mama."

"Basi lifute."

Nilikwenda Wote mara tatu. Karani alinionyesha sahihi za kamati; matangi yalikuwa yameshagawanywa yote. "Lakini kanuni yenu ni safi sana, bwana," akasema. "Natamani kila kijiji kiandike hivi."

Mwenyekiti hakunigombeza. Alisema tu, "Kwenye daftari langu angekuwa wa kwanza."

Nimeiandika upya: x ni mwanamke, na aliyemwoa x amekufa. Ni fupi kuliko ile ya kwanza, tena ni sahihi, na hakuna ofisi inayoihitaji.

Jana mvua ilinyesha. Nilisimama mlangoni nikitazama maji yakimwagika kutoka kwenye mabati ya jirani yangu, yakichimba mfereji uani, yakiteremka bondeni. Leo asubuhi amepita hapa na mtungi, akiyafuata huko chini. Amenisalimu vizuri tu.