Uso Kwenye Karatasi ya Sabuni

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalinipata mimi, hapa hapa Igoma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akajenga kiwanda.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya saluni, bucha na maduka ya dawa. Vibao vilitupa ugali, basi. Binti yangu Kabula alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Alitakiwa aripoti na ada, godoro na sanduku la bati, na asipofika kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine. Mama yake alishauza cherehani na bado fedha hazikutosha.

Ndiyo maana nikajitosa kwenye mashindano ya kubuni. Kampuni mpya zilikuwa zinatangaza magazetini: chora nembo ya mabasi, chora lebo ya unga, ujipatie zawadi. Nilituma michoro mpaka karani wa posta akawa ananitania, "Fundi, bado hujatajirika tu?" Sikuwahi kujibiwa. Siku moja nikaiona nembo yangu ubavuni mwa basi la Musoma, wamebadilisha rangi tu. Ningemshitaki nani?

Kisha kiwanda kimoja cha sabuni ya kuogea kikatangaza kwamba kinataka uso wa mwanamke, wauchape kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Mshindi angepata zawadi nono. Nilimwomba mke wangu nimchore, akaja juu. "Baba Kabula, nchi nzima ioge na sura yangu? Sitaki!" Siku ya mwisho ya kutuma ikakaribia, na mimi uso sina.

Jioni moja jua linazama, umeme wa mgao umekatika, nikawasha kandili kwenye kibanda changu cha kazi. Akaingia mwanamke kijana. "Fundi, nasikia unatafuta mtu wa kumchora. Nichore mimi." Sasa, kwetu Usukumani salamu haiishi mpaka umemuuliza mgeni ni wa nani, baba yake nani, ukoo wake upi. Mtoto mdogo anajua hivyo. Mimi nilivuta karatasi na penseli, nikamwonyesha benchi akae.

Niamini, sijawahi kuchora namna ile, si kabla wala baada. Mkono ulikwenda wenyewe. Alizungumza kidogo sana. "Watu wataniona?" aliuliza.

"Watakuona nchi nzima."

"Hata Magu?"

"Hata Magu."

Akatabasamu, na tabasamu lile lile nikalitia kwenye mchoro. Niliinama kuchonga penseli, nilipoinuka hayupo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba benchi lile lilikuwa la mteja wa baa, na nilikuwa nimelipaka rangi nyekundu jioni ile ile. Nikaligusa. Rangi ilininata kidoleni, mbichi. Pale alipokuwa amekaa hapakuwa na alama yoyote, hata ya uzi wa nguo.

Nywele zilinisimama. Lakini wewe ungefanyaje? Ungeuchana mchoro ule, na mtoto wako amekaa ndani anasubiri ada? Niliutuma.

Nikashinda! Kabula alicheza uani mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku ya zawadi likaja lori, likashusha katoni za sabuni mlangoni. Nikamuuliza dereva fedha ziko wapi. "Fedha gani, mzee? Tangazo lilisema zawadi nono. Hizi si nono?" Akacheka, akaondoa lori. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kupiga mtu.

Mke wangu na Kabula wakaanza kuzitembeza sokoni. Zilitoka vizuri mwanzoni. Ilikuwa masika, na unalijua soko la masika: watu wanafungua sabuni, karatasi wanaitupa kwenye tope, wengine wanapita juu yake. Jioni yule mwanamke akarudi. Alisimama mlangoni, uso umejaa tope, na shavuni ana alama ya soli ya kiatu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, nifute."

Nilichukua kitambaa nikafuta. Chini ya tope kulikuwa na tope jingine. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa.

Haukupita muda akaja mama mmoja kutoka Magu, ameshika karatasi ya sabuni aliyoiokota njiani akaisafisha kwa kanga yake. Kiwandani ndiko walikomwelekeza kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ni mwanangu. Tulimzika mwaka juzi. Umempata wapi?"

Nikamwambia alikuja mwenyewe kibandani.

"Ukamuuliza ni wa nani?"

"Hapana, mama."

"Wewe Msukuma gani usiyemuuliza mtu ni wa nani?" Akakaa chini, akalia. "Hatukuwahi kumpiga picha. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake. Sasa nimeiona, lakini watu wanaikanyaga."

Majirani walisikia yote. Kufika kesho yake soko zima lilikuwa linasema Kabula anauza sabuni ya maiti, na waliokwisha kununua wakarudisha. Kiwanda je? Kilichapa karatasi mpya yenye ua, kikaendelea kuuza. Tajiri hana hasara. Siku ya kuripoti ilipita tukiwa tumezungukwa na katoni, na nafasi ya Kabula akapewa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa Kabula ni mtu mzima, anauza nyanya. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Katoni bado ziko ndani, maana kuzichoma sithubutu. Na masika yakianza, jioni, bado naombwa kufuta.

Kwa hiyo ukiona tangazo la shindano, uliza kwanza zawadi yenyewe ni nini, ndipo ushike penseli. Na ukinunua kitu chenye uso wa mtu, tafadhali usiitupe karatasi yake njiani. Huenda mama yake hana picha nyingine.