Bateri Mbili za Mama Kasoki

Anayetaka kujifunza kununua asiende shuleni. Aende akae mbele ya duka la Mama Kasoki pale Masisi-centre, siku moja tu, atatoka na diploma. Mama yule aliletwa kutoka Butembo akiwa bibi-arusi, akafungua duka la chumvi, sabuni, maharagwe na mawe ya tochi, na tangu hapo hajazaliwa mwuzaji wa kumtupia kitu kibovu. Alinusa. Aligonga. Kitambaa alikivuta kwa meno mbele ya mwenyewe. Halafu alitoa neno lake: "Punguza." Ukishapunguza, alirudia kwa sauti ya upole, kama anambembeleza mtoto alale: "Papa, punguza kidogo." Neno "ongeza" lilikuwa la wateja wake, na akilisikia hilo masikio yake yalikuwa yanaziba palepale.

Mume wake, Papa Nzanzu, fundi wa redio, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Ukimpa chai ya moto atasema "aksanti". Ukimpa ya baridi, "aksanti". Ukisahau kumpa, atakaa tu, na ukikumbuka saa ya jioni, "aksanti" ileile. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kumwomba mke wake kitu chochote, hata chumvi mezani. Nyuma ya duka alijijengea studio: chumba cha mbao, kuta zimebandikwa vibao vya kubebea mayai na magodoro ya zamani, kompyuta moja aliyoifufua mwenyewe, mikro moja ya kunasa sauti inayoning'inia kwenye waya, na juu ya bati kibao cha jua cha kuleta umeme. Kwaya za parokia zilikuja kurekodi humo. Zilikuwa zinalipa kidogo, na saa zingine zinalipa viazi.

Watu wa Masisi hawahesabu vita kwa miaka, wanaihesabu kwa mara walizokimbia. Basi, ilikuwa baada ya kukimbia mara ya nne na kurudi mara ya nne. Mama Kasoki alikuwa anajifunga kwenda Goma kutafuta mali ya duka, na Papa Nzanzu akakohoa mlangoni.

"Mama," akasema, "kama ukiona bateri ya studio huko... hata ya okazio, iliyotumika. Ya bei kidogo tu."

Mama Kasoki akaacha kujifunga. Mume wake ameomba! Njia nzima mpaka Goma alikuwa anatabasamu peke yake juu ya magunia. Na kwa sababu ya furaha hiyo akavunja desturi yake: okazio hakutaka hata kuiona. "Mume wangu atatumia kitu mwenye kimekwisha kutumiwa na wengine? Aa-a!" Akanunua bateri mpya, nyeusi, nzito, ile ya kuweka umeme wa jua, ya dukani kabisa.

Kurudi, akafika Sake na kukuta barabara imefungwa. Bunduki zilikuwa zinalia juu kule Mushaki, magari yote yamelala. Wenzake wakageuza. Yeye akaifunga bateri kwa mukanda, akaweka mukanda kwenye paji la uso, na kwa siku mbili akapanda vilima kwa njia za wachunga ng'ombe, mgongo umepinda, maji makali ya bateri yanamdondokea. Kitenge chake kilitoboka kama chujio, na mgongoni akabaki na kovu dogo la ukubwa wa haragwe. Akafika nyumbani, akaitua mbele ya mume wake.

Papa Nzanzu aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama miguu ya mke wake.

"Aksanti, Mama," akasema. "Aksanti sana."

Akaiunganisha na kibao cha jua siku ileile. Mama Kasoki akalala usingizi mtamu kuliko ule wa siku ya harusi.

Miezi minane ikapita. Siku moja lori likaharibika karibu na duka, na dereva wake, mtu mnene wa Butembo anayeitwa Théogène, akaingia kutafuta waya. Kumwona Papa Nzanzu, akapiga kelele.

"Nzanzu! Ni weye? Unapiga bateri mpaka leo?"

"Bateri inapigwa?" Mama Kasoki akauliza.

"Sasa inafanywa nini, Mama?" Théogène akachukua vijiko viwili, akageuza beseni na masufuria, akaanza kuyachapa mpaka wateja wakatikisa mabega. "Bateri! Ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo zake, na masahani ya shaba. Huyu bwana yako, enzi za ujana, njo alikuwa mupigaji wa orkestra yetu. Akaacha siku alipokuona, kwa sababu baba yako alisema hatoi binti kwa mwanamuziki!"

Kumbe! Mama Kasoki akamgeukia mume wake, na mume wake akaikazia macho chai yake kana kwamba imeandikwa kitu ndani. Théogène alipotoka kwenda kufunga waya, Mama Kasoki akamuuliza mume wake.

"Siku ile uliniomba ngoma?"

"Ndiyo. Njo ile."

"Na sababu gani hukusema?"

"Miguu yako ilikuwa inatoka damu, Mama."

Mama Kasoki alilia, na msifikiri ni machozi ya mapenzi peke yake. Yalikuwa ya hasira pia. Yeye, Kasoki binti wa mfanyabiashara, amenunua kitu kisichoombwa! Mume wake ameomba mara moja tu katika maisha yake, na hilo moja hajalipata, na amekaa miezi minane bila kununa. Aliapa palepale kwamba bateri ile ataipata, hata kama iko tumboni mwa nyoka.

Mpya haikuwezekana. Goma walitaja bei ya ng'ombe wawili. Basi akamfuata Théogène chini ya lori lake na kumwambia amfundishe kununua ya okazio.

"Ngozi zikipasuka usijali," Théogène akasema akiwa amelala chali, "ngozi inabadilishwa. Angalia mbao, kama ni duara kweli, haikupinda. Angalia vyuma na skurubu zake, hizo hautazipata huku. Na masahani, pitisha ukucha pembeni. Ukucha ukikwama, ufa uko pale."

Somo hilo lilimwingia vizuri, maana lilifanana na elimu yake mwenyewe. Kilichomsumbua ni jina. Alipotangaza sokoni kwamba anatafuta bateri ya okazio, watu walimletea bateri za magari zilizokufa, saba, na moja ya pikipiki. Alichoka kueleza. Mwishowe mbeba-mizigo mmoja wa Walikale akamwambia kuna mama anaitwa Adelaïde, alikuwa na baa kule Bisie, kwenye machimbo ya porini. Tangu serikali isimamishe uchimbaji, wachimbaji wametawanyika, baa imekufa, na yule mama ameteremka Njingala, hukohuko Walikale, na vitu vyake. Kati ya hivyo vitu kuna ngoma, na hazina volti.

Mama Kasoki akafunga chumvi yake na kwenda. Safari ya Walikale siku zile watu waliiaga kama msiba, lakini alikuwa ameizoea kwa kupeleka chumvi.

Ngoma alizikuta kibandani nyuma ya nyumba ya Adelaïde. Akazinusa. Akazigonga. Akazunguka mbao kwa kiganja, akahesabu skurubu, akapitisha ukucha kwenye sahani la kwanza, likawa zima. La pili ukucha ukakwama, akalitenga pembeni bila kusema neno. Ndani ya ngoma kubwa, ambayo ngozi yake ya mbele ilikuwa imekwenda, kuku alikuwa amelalia mayai.

"Hii bateri," Adelaïde akasema, mikono kiunoni, "wanaume wane waliibeba porini siku mbili, matope mpaka magotini. Ilichezesha Bisie nzima!"

"Leo inachezesha kuku. Punguza."

Adelaïde akapunguza kidogo.

"Na sahani moja imepasuka. Mama, punguza kidogo."

Walikwenda hivyo mpaka jua la saa sita, wanawake wawili walionyonya ziwa moja la biashara, kila mmoja anamheshimu mwenzake moyoni. Wakafika mahali ambapo Adelaïde hakushuka tena, na pesa ya Mama Kasoki ilikuwa bado haijafika. Angesema nini? Mnunuzi hodari haonyeshi kamwe kwamba anakipenda kitu. Hiyo sheria alimfundisha binti yake kabla ya kumfundisha sala. Akafungua kinywa kusema "punguza", likatoka neno lingine.

"Ni ya bwana yangu," akasema. "Aliniomba mara moja, nikamuletea ingine."

Akasimulia yote, hata kovu akalionyesha. Adelaïde alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akafuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Ungeanza na hiyo," akasema. "Chukua kwa hiyo pesa yako. Lakini kuku wangu sitamuhamisha. Anabakisha siku ine. Utangojea."

Mama Kasoki, ambaye hajawahi kupoteza hata nusu siku ya soko, alikaa Njingala siku nne akimngojea kuku. Vifaranga tisa vikatoka. Akavitoa kimoja kimoja kwa mkono wake mwenyewe.

Ngoma zilisafiri kwa pikipiki mbili, na palipokuwa na matope, kwa migongo ya watu. Kwenye kizuizi kimoja mwenye bunduki akachungulia mzigo.

"Nini hii?"

"Bateri, chef."

"Bateri? Iko na volti ngapi?"

"Volti iko nyumbani, chef. Ni bwana yangu."

Alicheka, akachukua sabuni mbili, akainua kamba.

Papa Nzanzu alikuwa anachomelea redio alipoziona zikishushwa. Chuma cha moto kikamdondoka, kikaanza kuchoma meza, na hakuna aliyekiokota. Akapiga magoti, akaigusa ngoma moja kwa vidole viwili. Hata "aksanti" haikutoka. Mama Kasoki akaona bora atoke, maana alikuwa na kazi: ngoma kubwa inalia kama silaha nzito, na mji ule ulikuwa na miguu myepesi. Akapita nyumba kwa nyumba. "Kesho saa ine ya asubuhi mutasikia dum. Haiko bombe. Musikimbie. Ni bwana yangu." Hata hivyo bibi kizee mmoja alifunga godoro lake, kwa usalama.

Kesho yake, saa nne, Papa Nzanzu akamkalisha mke wake kwenye kiti studioni. Akawasha kompyuta kwa umeme wa ile bateri nyeusi. Ndani ya spika ikatoka sauti ya mwanamke: "Punguza. Papa, punguza kidogo. Hiyo bei yako ni ya muntu mwenye hana watoto..."

"Weee! Ni mimi huyo!" Mama Kasoki akaruka. "Ulinikamata lini?"

"Dukani, siku nyingi. Nilipitisha mikro kwenye ukuta." Papa Nzanzu alikuwa anaongea bila kumwangalia, anakaza skurubu. "Ukienda Walikale, nyumba inanyamaza. Watu wanaleta habari za njiani, hii mbaya, ile mbaya. Mimi nafunga mlango, naweka hii. Bateri yako ilikuwa inashika umeme usiku muzima. Nilikuwa nakusikia ukinunua, najua utarudi."

Mama Kasoki akaigeukia ile bateri nyeusi. Yeye alikuwa amefikiri ni kosa lake kubwa kuliko yote.

Papa Nzanzu akashika vijiti. Sauti ikazunguka tena, "punguza", na mguu wake ukajibu, dum. "Papa, punguza kidogo", na mikono ikajibu, ta-ka-ta, taratibu kwanza, kama mtu anayejaribu daraja, kisha miaka ishirini na mbili ikamtoka mabegani kwa pamoja. Nje watu wakasimama barabarani na hakuna aliyekimbia. Ndani, akaona mke wake anafuta machozi, akafikiri anaumia masikio, akashusha vijiti.

"Nipunguze, Mama?"

"Ongeza," akasema Mama Kasoki.