Usaili wa Viti Viwili

Juzi nilikwenda kununua kiti kwenye duka moja la samani huku Keko, nikamkuta bosi anasaili watu wawili wanaotaka kazi ya kuuza. Aliwawekea viti viwili, akawaambia wavilinganishe kwa Kiingereza.

Dada aliyeanza akavipindua miguu juu, akavitikisa, akavigonga kwa kidole. "Hiki ni imara zaidi, bosi. Kile kimeshikwa na gundi tu, kitamwangusha mtu."

"Kwa Kiingereza, dada."

Dada akaanza kujifuta vumbi mikononi, taratibu, kama mtu aliyekwishajua kazi hapati.

Kaka mwenye tai hakugusa kitu. Mikono mfukoni, akamwaga Kiingereza chake: stronga, beta, moo byutifuli, huku akikionyesha kwa kidevu kile cha gundi. Akapewa kazi palepale. Yule dada akaokota mkoba wake, akaniamkia shikamoo, akatoka.

Mdomo ukaniwasha. "Baba, kwani wateja wako Wazungu?"

"Hapana, bibi. Ni nyie nyie."

Mie na darasa langu la saba nilidhani ujinga ni kutokujua. Kumbe upo na wa kumfukuza anayejua, na huo watoto wetu tunawalipia ada waufundishwe.